Rekoda ya nje kwa kamera ya sinema: Ninja V, Video Assist, au SSD tu?

Jumamosi moja pale mnadani Msalato nilishuti ng'ombe, vumbi na nyama choma kwa saa nne. Nilipofika nyumbani nikafungua kompyuta na kukuta anga lote limegawanyika ngazi ngazi, kama mtu kapaka rangi ya bluu kwa brashi tano tofauti. Ni lile anga la Dodoma la mwezi wa saba, safi kabisa, bila hata wingu la kusingizia. Chini ya anga, pale ng'ombe walipokuwa wakitimua vumbi, picha ilikuwa imejaa vijisanduku vidogo vidogo. Nikaapa siku hiyo hiyo kwamba nanunua rekoda ya nje, kile kifaa unachokichomeka kwenye kamera ili kirekodi picha inayotoka kwenye tundu lake. Nilikuwa natafuta dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

Vijana wengi wa kamera hapa mjini huniuliza, "Kaka, nichukue Ninja au Blackmagic?" Nami, kabla ya kuzilinganisha rekoda hizo mbili, huwajibu kwa swali ambalo wengine huliona la kukwepa: kamera yako inatoa nini kwenye tundu lake la HDMI? Rekoda hupokea tu. Kisichotoka kwenye tundu, haiwezi kukizua.

Kwanza, kinachotoka tunduni

Kamera yangu wakati ule ilikuwa Canon C100, ile ya 2012, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ni kamera ya sinema kweli: ina Canon Log (picha hafifu unayokuja kuivuta rangi baadaye), sensa kubwa, na maikrofoni unachomeka kwa XLR, tundu la kitaalamu la sauti. Lakini ndani yake hurekodi AVCHD, mfumo wa video iliyominywa sana, ya megabiti 24 kwa sekunde. Hiyo ni takribani gigabaiti 11 kwa saa nzima. Ili picha ienee kwenye nafasi hiyo, kamera huminya rangi hadi 4:2:0 (hubakiza robo tu ya taarifa za rangi), na huminya zaidi kila kitu kinachocheza ovyo: vumbi, majani ya mibuyu, maji, nywele. Ndivyo vijisanduku vyangu vilivyozaliwa.

HDMI ya kamera hiyo hutoa picha kabla haijaminywa, ikiwa na rangi za 4:2:2, yaani nusu ya taarifa za rangi badala ya robo. Niliazima rekoda kwa mwenzangu, nikarudi Msalato wiki iliyofuata, nikasimama palepale. Vumbi lilipona. Kila chembe ilionekana, hadi ukaweza kuona mwanga ukipita katikati yake.

Anga halikupona.

Sababu ni kwamba C100 hutoa biti 8 ndani na biti 8 nje. Biti 8 ni ngazi 256 kwa kila rangi, na biti 10 ni ngazi 1024. Anga pana lisilo na wingu huhitaji ngazi nyingi, hasa ukishuti kwa log kisha ukaja kuvuta rangi kwenye kompyuta. Rekoda iliandika kwenye faili la biti 10, lakini ngazi zilizoingia zilikuwa zilezile 256. Ukimimina lita moja ya maji kwenye ndoo ya lita kumi, unabaki na lita moja.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha rekoda, jiweke kwenye kundi lako. Kuna kamera ambazo rekoda huzifungulia mlango uliokuwa umefungwa kabisa. Sony a7S ya kwanza, ya 2014, haikurekodi 4K ndani hata sekunde moja; 4K yake ilipatikana kwa HDMI tu. Nikon Z6 hurekodi biti 8 ndani, lakini hutoa biti 10 za N-Log (log ya Nikon) kupitia HDMI. Mwenye Z6 akinunua rekoda, amenunua kamera ya pili.

Kuna zile za katikati kama C100 yangu au Sony a7 III, ambazo nje hutoa rangi bora na picha isiyominywa sana, lakini biti hubaki 8. Hapo rekoda inasaidia vumbi na haisaidii anga.

Halafu kuna kamera ambazo mwenyewe anajipa gharama bure. Panasonic GH5 hurekodi biti 10 za 4:2:2 ndani hadi megabiti 400. Sony FX3 na FX6 nazo hurekodi biti 10 za 4:2:2 ndani. Blackmagic Pocket 4K huandika ProRes (mfumo wa video wa Apple usiominya sana) na RAW (picha ghafi ya sensa) yenyewe. Kwa hizi, rekoda utainunua kwa sababu nyingine: kioo kikubwa, nakala ya pili, au RAW kwa zile FX. Nakala ya pili si jambo la kudharau. Bibi harusi harudii kuingia ukumbini kwa sababu kadi yako imekufa.

Ninja V na Video Assist 7" 12G

Sasa twende kwenye mashindano yenyewe. Ninja V ya Atomos, kampuni ya Australia, ilitangazwa 2018 kwa bei ya dola 695 bila diski. Video Assist 12G za Blackmagic zilikuja 2019: ya inchi 5 kwa dola 795, ya inchi 7 kwa dola 995. Hizo ni bei za Marekani za siku ya kwanza. Ukifika Kariakoo utasikia hesabu nyingine, na ukiagiza mwenyewe ushuru utakusubiri mlangoni. Nimetumia Ninja V miaka miwili, na ile ya inchi 7 tunapokezana mimi na mwenzangu. Ninja mpya zaidi zimetoka baada ya hapo, ila V ndiyo utakayoikuta mikononi mwa watu.

| | Ninja V | Video Assist 7" 12G |
|---|---|---|
| Kioo | inchi 5, niti 1000 | inchi 7, niti 2500 |
| Matundu ya picha | HDMI (SDI, tundu la picha la kitaalamu, kwa kiambatisho) | HDMI na SDI |
| Hifadhi | SSD (diski ya kasi) ya SATA | kadi 2 za SD, au diski ya USB-C |
| RAW | ProRes RAW | Blackmagic RAW |
| Sauti | tundu la milimita 3.5 | mini XLR 2 |
| Betri | aina ya NP-F, moja | NP-F, mbili |

Zote mbili huandika ProRes na DNx (mfumo wa Avid wa kazi ileile), na zote hufika 4K ya fremu 60. Kwenye ubora wa picha ya ProRes, sijawahi kuona tofauti, na aliyewahi kuiona anioneshe. Tofauti ziko kwingine.

Jua. Hapa ndipo watu wa Dodoma tunapaswa kuwa wakali kuliko mtu anayeandika kuhusu vifaa hivi akiwa London. Niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo. Laptop ya kawaida huwa na karibu 300. Niti 1000 za Ninja zinatosha chini ya mti, au mchana ukiwa umekivisha kioo kofia yake ya kukinga jua. Saa saba mchana, katikati ya shamba la zabibu, ambako mizabibu imefika kifuani na huna pa kujificha, niti 1000 zinageuka kioo cha kujitazamia uso. Niti 2500 za Video Assist zinasomeka. Nilikuwa nadhani ni maneno ya tangazo hadi nilipoziweka mbili pamoja juu ya boneti ya gari. Ukibaki na Ninja, jifunze kuamini mistari ya pundamilia (inayoonesha palipozidi mwanga) na wimbi la mwangaza (grafu ya mwanga wa picha) badala ya macho yako. Vifaa vyote viwili vinavyo, na kwenye jua macho hudanganya hata kwenye kioo kizuri.

Ukubwa. Inchi 7 juu ya gimbal ndogo (kishikio chenye mota cha kutuliza kamera) ni adhabu. Niliijaribu kwenye ngoma kijijini, upande wa Chamwino, nikimzungukia mama mpiga ngoma ya muheme. Dakika kumi mkono ukaomba msamaha na mota za gimbal zikaanza kulia. Ninja V inakaa pale bila ugomvi. Kwa tripodi, au kamera ya begani, inchi 7 ndiyo raha, kwa sababu ukungu wa fokasi unauona kabla haujaharibu kazi.

Hifadhi. Hili ndilo linalokula pesa kimyakimya, kwa hiyo tufanye hesabu. ProRes 422 HQ, ile ya ubora wa juu, ya HD kwa fremu 25 ni megabiti 184 kwa sekunde, kama gigabaiti 83 kwa saa. Ukipanda 4K inakuwa megabiti 737, yaani gigabaiti 332 kwa saa. ProRes 422 ya kawaida kwa 4K ni gigabaiti 221, na LT, ile nyepesi zaidi, ni 154. Sendofu ya kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, ukiirekodi yote kwa 4K HQ, inakula karibu terabaiti 2 kwa kamera moja. Nani atakulipia diski hizo? Kazi ya namna hiyo mimi naipeleka LT, au HD, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Sasa geuza megabiti kuwa megabaiti. HQ ya 4K ni kama megabaiti 92 kila sekunde. Kadi ya SD yenye alama V90 huahidi 90. Umeona tatizo? V60 huahidi 60, na ProRes 422 ya kawaida inataka 61 na ushee. Kadi nzuri hupita ahadi yake na mara nyingi kazi inakwenda, lakini kadi ya kuokota mtaani yenye alama ya kuchora haitakwenda, na utaambiwa fremu zimeruka bwana harusi akiwa katikati ya kula kiapo. Ndiyo maana kwenye Video Assist wengi tunaishia kuchomeka SSD kwa USB-C. Ninja V tangu mwanzo inatumia SSD ya SATA. Unaweza kununua zile ndogo zilizotengenezwa kwa ajili yake, au ukafunga SSD ya kawaida ya inchi 2.5 kwenye fremu yake ya plastiki. SSD hizo ziko hata kwenye maduka ya laptop. Kwa bei ya kila gigabaiti, Ninja inashinda waziwazi. Pitia tu orodha ya diski zilizoidhinishwa kabla ya kutoa hela, na usisahau kifaa cha kuisomea diski kwenye kompyuta.

Kuna jambo dogo la Video Assist ambalo liliwahi kunipotezea asubuhi nzima. Unapofomati hukupa chaguo mbili: HFS+ na exFAT. HFS+ huhimili vizuri zaidi umeme ukikatika ghafla katikati ya kurekodi, lakini kompyuta ya Windows haiisomi bila programu ya ziada. exFAT inasomwa kote, ila ikikatika vibaya unaweza kupoteza faili. Mimi niko Windows. Nilinunua ile programu.

Programu ya kuhariri. Kama unashuti ProRes ya kawaida, ruka aya hii. Kama unataka RAW, simama hapa uisome mara mbili, maana ndipo watu wanaponunua majuto. Ninja huandika ProRes RAW kutoka kamera kama Nikon Z6 iliyoongezewa uwezo huo kwa malipo, Sony FX3 na Sigma fp. Video Assist huandika Blackmagic RAW kutoka kamera kama Panasonic EVA1, Canon C300 Mark II na Sigma fp. Blackmagic RAW inafunguka kwenye DaVinci Resolve hata ile ya bure, ambayo ndiyo nusu ya vijana wa hapa wanaitumia. ProRes RAW inafunguka vizuri kwenye Final Cut na Premiere, lakini Resolve iliikataa kwa miaka mingi na ilianza kuipokea 2025 tu. Ukiwa na Resolve ya zamani kwenye kompyuta iliyochoka, mafaili yako ya ProRes RAW yatakuwa mapambo. Na kumbuka RAW haitoki kwenye kila kamera yenye HDMI. Jina la kamera yako, herufi kwa herufi, liwe kwenye orodha ya rekoda hiyo. "Zinafanana" haitoshi.

Kwenye Ninja uliza pia kama leseni za mifumo unayoitaka zimeshafunguliwa. Baadhi hufunguliwa kwa kujisajili kwenye tovuti ya Atomos, nyingine kwa kulipia.

Sauti na matundu. Kwa mikutano, zile mini XLR mbili za Video Assist zimeniokoa zaidi ya mara moja. Unavuta waya kutoka kwa fundi wa sauti wa ukumbi moja kwa moja hadi kwenye rekoda. Ninja inataka tundu dogo la milimita 3.5, ambalo kwa waya mrefu wa ukumbini ni kujitafutia kelele.

SDI nayo ni hoja kubwa kuliko inavyoonekana kwenye jedwali. Kiunganishi chake kinajifunga kwa kuzungusha. HDMI haijifungi, na zile HDMI ndogo kabisa za kamera za siku hizi ni ugonjwa wa moyo. Kwenye harusi moja nilikanyaga waya wangu mwenyewe, tundu la kamera likalegea, na kuanzia keki hadi zawadi rekoda iliandika weusi mtupu. Kadi ya ndani ya kamera ndiyo iliyonistiri. Tangu siku hiyo sirekodi nje bila kurekodi ndani kama kamera inaruhusu, na kila waya wa HDMI una kibanio. Kamera yako ikiwa na SDI, itumie. Ila uwe na adabu ya mpangilio: chomeka umeme kwanza, SDI baadaye, ukifungua, toa SDI kwanza, umeme mwisho. Kamera na rekoda zikigawana betri moja kubwa na ukakosea mpangilio huo, umeme unaweza kutafuta njia ya kupita kwenye SDI na kuiunguza bodi. Fundi wa bodi hizo humpati Majengo. Unapanda SGR hadi Dar, na hata huko utaambiwa uache kifaa.

Umeme. Ninja V hula wati 10 hadi 22. Betri kubwa ya NP-F970 ina kama wati-saa 47, hivyo napanga saa mbili kwa betri moja na zikizidi nashukuru. Video Assist ina betri mbili. Unatoa moja nyingine ikifanya kazi, na kurekodi hakukatiki. Kwenye hotuba ya saa tatu hilo ni jambo la maana. Betri za NP-F ni za kawaida na chaja zake zipo kila mahali, ila bandia nazo zipo kila mahali. Pima mwenyewe kwa saa, usisome kilichoandikwa kwenye ganda.

Vifaa vyote viwili vina feni, na feni huvuta vumbi. Kiangazi, upepo ukianza, navifunika ninapohama sehemu, na jioni napitisha brashi laini kwenye matundu ya hewa na kwenye meno ya SATA ya Ninja. Sauti ya feni yenyewe husikika kwenye maikrofoni ya kamera ukiwa chumba kimya. Ukumbini haina shida.

SSD peke yake

Wapo ambao hawahitaji rekoda yoyote, wanahitaji waya mmoja. Blackmagic Pocket 4K, tangu 2018, huandika moja kwa moja kwenye SSD ya USB-C. Lumix S5 IIX nayo hivyo. Ni nafuu kuliko chaguo zote, hakuna feni ya ziada, hakuna betri ya ziada, na diski ileile unaichomeka kwenye kompyuta na kuanza kuhariri. Kasoro ni mbili: hupati kioo kikubwa, na USB-C ikichomoka katikati ya klipu hasara ni ileile ya HDMI yangu. Funga diski na waya kwenye keji (fremu ya chuma) ya kamera, usiiache ining'inie. Kama una kamera ya namna hii na tatizo lako ni jua, nunua monita angavu isiyorekodi na ubaki na chenji.

Na kama kazi zako ni makongamano, kamera tatu kwenye ukumbi kama wa Jakaya Kikwete, hutafuti rekoda ya juu ya kamera kabisa. Kitu kama ATEM Mini Pro ISO, kichanganyaji cha picha za kamera nyingi, hurekodi kamera nne na mchanganyiko wake kwenye diski moja, kwa HD. Hiyo ni mada nyingine.

Ningechukua ipi?

Mwenye Z6 au kamera ndogo kama hiyo, anayetumia gimbal na kuhariri kwa Premiere au Final Cut: Ninja V, bila kulala juu yake. Mwenye kamera ya begani au ya tripodi yenye SDI, anayeshuti juani na mikutanoni na kuhariri kwa Resolve: Video Assist ya inchi 7. Mimi ni wa kundi hili, na nimeshaanza kumshawishi mwenzangu aniuzie nusu yake. Mwenye C100 kama niliyokuwa nayo akae chini apige hesabu kwanza, kwa sababu bei ya rekoda, diski na betri zake inakaribia tofauti ya kuuza kamera hiyo na kupanda hadi yenye biti 10 ndani. Mimi niliuza.

Ukinunua iliyotumika, nenda kwa muuzaji na kamera yako, waya wako na diski yako. Zima maandishi yote kwenye HDMI ya kamera. Weka fremu 25 na shata ya 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50 na taa zitacheza ukienda tofauti. Hakikisha rekoda inasoma fremu zilezile. Kamera kama C100 hutuma 25 ikiwa imevaa joho la 50i (nusu-fremu 50 kwa sekunde), na rekoda inaweza kudanganyika. Kisha rekodi dakika 40 mfululizo pale dukani, kioo kikiwa kimewashwa hadi mwisho. Muuzaji akianza kutazama saa, mwagize soda.